Jani la Mahindi Yako ya Mshangano

Mama yangu,

Hata matanga hayajaanuliwa, Kaka Bosko alibeba jembe kwenda kung'oa mahindi yako yote ya shamba la Mshangano. Majani yalikuwa yamejaa michirizi ya njano, mabua yamedumaa. Nawe mpaka presha inakuchukua ulikuwa unauliza, "Mahindi yangu yana nini?"

"Mbegu za Mama Tuma ndizo zilizomuua Mama," Bosko alisema. Kwa kuwa shoga yako alizinunua sokoni Majengo, kwa wafanyabiashara hawa wapya walioruhusiwa kuuza mbegu, akakugawia. Bosko akamfukuza msibani mbele za watu.

Nikamsihi Bosko aniachie mstari mmoja. Nilichuma jani bichi, nikalikata kwa wembe vipande kama kichwa cha kiberiti, ndani ya tone la dawa ya kuhifadhi, maana seli zikinyauka huoni kitu. Nikavitia kwenye kichupa, nikakipakata ndani ya basi mpaka Morogoro, kwenye maabara ninakofanya kazi. Kila shimo la barabara, roho juu.

Huko vikapitishwa kwenye dawa nyingine, kwenye spiriti, kisha kwenye gundi inayogandishwa kwa joto. Kuvikata vyembamba ndiko kugumu. Kisu ni kioo kilichovunjwa, na ukipumua vibaya, kile kipande chembamba kama utando kinapeperuka. Vipande vingi viliharibika. Cha mwisho... nilikikata nikitaja jina lako.

Mkuu wangu akakiweka kwenye darubini ya elektroni. Kisha akaniita, "Skola, njoo uone." Kloroplasti, zile sehemu zinazolipatia jani ukijani wake, zilikuwa zimevurugika. Na ndani ya kiini cha seli, virusi vimejipanga kama punje kwenye gunzi.

"Huu ugonjwa huletwa na vidudu vinavyofyonza majani," akaniambia. "Hauji na mbegu."

Nilirudi nyumbani Songea na picha ile. Bosko aliitazama, nikamweleza maneno ya mkuu wangu. Akavaa viatu, nikamfuata hadi kwa Mama Tuma.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea," Bosko akamwambia.

Mama Tuma alikaa chini pale mlangoni, akalia kilio alichonyimwa kwenye msiba wako. Baadaye akasema, "Nipelekeni kwa mwenzangu."

Jana tulimleta kaburini kwako; ulimsikia, najua.

Pumzika sasa, Mama. Mvua za kwanza zikinyesha nitaomba likizo, nami na shoga yako tutalipanda shamba lako. Bosko atalima. Nakuahidi.

Mwanao,
Skola