Kihamba Ulichonisemesha Peke Yangu

Mwanangu Felista,

Naandika barua ya wazi kwa sababu aibu yenyewe niliipata mbele ya watu. Waisome.

Unakumbuka mechi uliyokuja kuirusha hapa Moshi mjini? Ulinipandisha kwenye lile gari la matangazo, nikakaa nyuma yako kimya kama niko kanisani. Televisheni ukuta mzima, na wewe unaamuru: "Kamera tatu, msogelee kipa. Mbili, usilale! Haya, tatu!" Na madume yale yanatii. Nikamwambia dereva wenu, "Huyo nimemzaa mimi." Akajibu, "Kumbe huko ndiko ukali ulikotoka!" Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani Kilema. Jumapili, nje ya kanisa, hakubaki mtu ambaye sikumwambia: nchi nzima inatazama mpira kwa jicho la binti yangu.

Hicho ndicho kiburi nilichowakabili nacho baba zako wadogo. Baba yako alipofariki walisema kihamba, shamba la ukoo, hapewi mwanamke. Nikawauliza, anayeamuru wanaume atashindwa na migomba? Mwisho wakalegea. Walitaka jambo moja tu: Krismasi, ukoo ukishapanda wote kuja nyumbani mlimani, usimame mbele yao useme mwenyewe kwamba unakitaka.

Ukanipigia. "Mama, mechi ya watani haiahirishwi."

"Na kikao?"

"Si utanisemea?"

Nikakusemea weee, mpaka koo likakauka. Wao wamejaa sebuleni kwangu, wanakunywa mbege yangu, wanatazama mechi yako. Goli likaingia, likarudiwa taratibu, nikasahau nilipo: "Picha hiyo kaichagua Felista!"

Baba yako mdogo Aloisi akaweka kata ya mbege chini. "Shemeji, sasa tumeona kwake ni wapi."

Wakacheka. Mwanawe, Deo, akapewa kihamba.

Siku hizi jirani akiniuliza kama ni wewe unayeongoza mechi ya leo, nasema sijui. Mimi! Deo ameshang'oa kahawa ya upande wa mfereji, anajenga nyumba ya kulala wapanda mlima. Nimeachiwa chumba changu mpaka nife. Sina la kumsema, shikamoo yake naipata kila asubuhi.

Baba yako amelala pale nyuma, kwenye migomba. Siku ukija kumwashia mshumaa, usipite moja kwa moja kama zamani. Piga hodi kwa Deo, umwombe njia.

Ni mimi mama yako,
mgeni wa Deo.