Niliposema Nimepata Kazi

Mjukuu wangu Neema,

Nawasalimu baba yako Daudi, mama yako, wewe na wadogo zako. Hapa Nangara tu wazima. Bibi yako anapura mbaazi.

Umeuliza kama Wabunge waongeze muda wa fao la kukosa ajira. Mkoa wetu ulipokuwa mpya, baba yako akiwa bado mtoto, nilipoteza kazi, na jumuiya ya kanisani ikatuletea mahindi kila Jumapili. Muda uliopangwa ulipokwisha, mwenyekiti aliniuliza mbele ya wote, "Baba Daudi, tuongeze?"

Kwa aibu nikajibu, "Nimeshapata kazi." Wakanipigia makofi.

Njiani bibi yako akasema, "Kazi ipi? Tuwapikie watoto makofi?"

Aibu ile ninayo bado. Wabunge waongeze. Nanyi wa hapo nyumbani mnaosomewa barua hii na Neema, amueni leo: binamu yake Petro, aliyeachishwa kazi, apelekewe unga bila kuulizwa.

Babu yako