Chipu ya Mume Wangu Haili Umeme

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mteja anakuja kuinunua chipu ya mume wangu.

Mimi ni mpimaji wa maabara na mume wangu ni msanifu wa chipu hapohapo, na kwa miaka mitatu amehangaika na chipu ya transista za CMOS, yaani swichi ndogo mno za umeme, inayopokea mapigo ya moyo wa mgonjwa na kuyageuza kuwa namba, na inatakiwa kula umeme kidogo sana ili kifaa kinachobandikwa kifuani kidumu mwaka mzima kwa betri moja, na wenzake walishambatiza Bwana Kesho kwa sababu kila akiulizwa anasema kesho, sasa mwezi uliopita nikaipima nikapata mikrowati mbili, mbili tu Mshauri, kiasi hasa cha kudumu mwaka, mkuu wetu akapiga makofi, mume wangu akalia mbele za watu, na mama mkwe, ambaye tangu harusi ananiita "huyo", akapiga simu akasema, "Mwanangu, umemletea mumeo baraka." Juzi narudia vipimo nikakuta waya unaoleta ishara ya kuiendesha chipu umelegea, yaani siku ile ilikuwa imekaa tu kama mgeni, na transista hizi zisipowaka na kuzima hazili karibu chochote, nikaukaza waya nikapata arobaini na moja, zaidi hata ya chipu yetu ya zamani, nikaenda kunawa uso, na jioni mume wangu akaniuliza, "Mbona umepoa?" nikamwambia kichwa kinauma. Nimwambie, au nimwachie furaha yake?

Mpimaji Mwenye Wasiwasi

Mpimaji,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili: ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika. Mmeisherehekea chipu isiyokula umeme kumbe haikuwa kazini! Kwa kipimo hicho hata tofali lingepigiwa makofi.

Na usinizungushe na furaha ya mumeo. Unayemlinda ni wewe, uliyesahau kukagua waya, na uliyeitwa mwanangu kwa mara ya kwanza. Utamu huo naujua. Lakini kuna mgonjwa atakayeahidiwa mwaka mzima, kifaa kizime siku ya kumi na nane, naye hana habari. Huyo hakuwepo kwenye makofi yenu.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, kabla mkuu hajafika, mwite mumeo mezani kwako. Usimhutubie. Mpe waya auchomeke mwenyewe, asome namba mwenyewe, kisha useme, "Nilikosea kupima, halafu nikakuficha siku tatu." Hizo siku tatu zitamuuma kuliko mikrowati zote. Atanuna. Mwache anune mpaka saa nne, kisha mwende wote wawili kwa mkuu, na mteja apigiwe simu siku hiyohiyo, si Alhamisi mkiwa mmeshavaa tai. Mama mkwe aambiwe na mwanawe.

Mteja akighairi, niandikie tupange. Mumeo akighairi, mwambie aniandikie yeye.