Mawe Matatu ya Njia ya Wapagazi

Mngeta,
Ifakara.
Jumanne, 11 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa, Mama Gosbert,

Na kabla simu haijakatika nilikuwa nataka kusema kwamba ninaogopa, na si ule woga wa bi harusi mgeni unaonitania nao kila mara. Nimeona niandike. Simuni nitalia, na kuta zetu ni za matete, wifi anasikia hata nikipiga chafya.

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi ya Makambako? Baba Gosbert amepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima, tena nimenenepa.

Aliyeninenepesha ni Evod. Wiki tano tu za ndoa, shangazi! Ananichotea maji mwenyewe. Wanaume wenzake wanamcheka kisimani, naye anawajibu kwamba ndoo za mke wake hazina uzito. Nikilitaja jina lake moyo unanienda mbio kama wa msichana wa kidato cha pili. Nakwambia wewe tu.

Wiki ya pili ya ndoa alinitembeza kwenye barabara ya zamani inayopita chini ya milima kuelekea Chita na Mlimba. Wanaiita Njia ya Wapagazi. Siku hizi imebaki majani na pikipiki chache zinazotafuta njia ya mkato. Inapovuka kijito tulikuta rundo la mawe laini, ya mviringo, limefika kiunoni. Unajua bonde letu, udongo mtupu, na nyumbani Ifakara tulipikia mafiga ya tofali. Nikamwambia natamani jiko letu la kwanza liwe na mafiga ya mawe ya kweli. Aliyatazama kwanza, nikadhani anachagua. Kisha akabeba mawili, mimi moja. Aliniomba tu nisimwambie mtu tulikoyatoa, nami nikaona ni siri tamu ya wapendanao.

Alhamisi Evod aliondoka na pikipiki kwenda Mlimba kutafuta kazi ya kutengeneza mashine za kupura mpunga. Alipita njia hiyohiyo. Alisema Jumamosi atakuwa nyumbani. Leo ni Jumanne na simu yake haipatikani.

Jumapili wifi Agnella alikuja kunisaidia kupika. Akainama kuchochea moto, akabaki ameinama.

"Bi harusi, haya mawe mmeyachimba wapi? Huku kwetu mawe hayaoti."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaenda kumwita mama mkwe.

Mama hakunigombeza. Aliketi, akanieleza taratibu. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza wanaume wa huku walikusanywa kubeba mizigo. Kila aliyeondoka aliokota jiwe kijitoni, akalitajia jina lake, akaliweka pale. Aliyerudi aliliondoa mwenyewe na kulitupa majini. Yaliyobaki ni ya wale ambao hawakurudi. Wanasema njia inahesabu. Ukiondoa jiwe umeiambia kwamba mwenye jiwe amefika kwake, na kwa kuwa hajafika, itamchukua mtu wa nyumba yako ili hesabu itimie.

Historia nilipata B, shangazi. Vita hivyo nilivijibu kwenye mtihani. Sikujua kwamba siku moja nitainjika sufuria juu ya majina ya watu.

Halafu mama akauliza, "Evod alikuwepo?"

"Alibeba mawili, mama."

"Basi alijua," akasema. "Tangu anatambaa anajua."

Alijua, shangazi! Alijua na akabeba, kwa sababu mimi nilitamani. Tangu hapo nikimkumbuka napata furaha, na palepale naogopa.

Leo asubuhi nimeyarudisha. Mama aliniagiza niende kwa miguu, peke yangu, nisiongee na mtu. Lakini jiwe moja lilikwishapasuka kwa moto, vipande viwili, na mama mwenyewe hajawahi kusikia la kufanya likipasuka. Niliviweka vipande vyote, lakini havikukaa, vikateleza chini. Mwishowe nikaokota jiwe jipya kijitoni, nikalitajia jina la Evod, nikaliweka juu kabisa. Niliona aliondoka bila jiwe, bila njia kuambiwa kwamba ni msafiri na kwamba ana mtu anayemngoja.

Nilipomsimulia mama mkwe alishika kichwa.

"Mwanangu, jiwe hilo hakuna wa kuliondoa ila yeye."

Nikamjibu kwamba najua. Lakini sijui. Sijui kama nimemwita arudi, au nimemweka na wale wengine.

Usimwambie baba, atakuja kunichukua, nami sitoki hapa kabla Evod hajaingia mlangoni. Utuombee tu. Msalimie sana Baba Gosbert, na Gosbert na mkewe, na bibi Mwanabaraka jirani yako. Mungu awafunike na baridi hiyo.

Ile ahadi ya kuja kukuonyesha mume wangu iko palepale. Kabla mwezi haujaisha tutapanda treni tuje Makambako, shangazi. Tutakuja wawili. Tandika kitanda cha watu wawili.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukuhitaji,
Yosefina