Betri Chini ya Kiti cha Puseletso

Jumatatu, 8 Agosti 2022

Gari limekufa. Nilizungusha ufunguo — tik. Nikazungusha tena — hata hiyo tik haikuja. Taa za dashibodi zikapepesa kama macho ya mtu anayepigana na usingizi, zikazimika. Redio ikakatika katikati ya habari za ng'ombe walioibwa.

Na sikuwa naenda popote! Hilo ndilo la aibu. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Tangu Mei ya mwaka jana, mke wangu alipopanda ndege kwenda kufanya kazi Uingereza, nikitoka shule naweka madaftari ya watoto mezani, nachukua ufunguo, naingia garini, nafunga mlango, nafungua redio. Nusu saa. Siku nyingine saa nzima. Zamani kila Jumamosi nilikuwa nawasha na injini, lipumue. Mafuta yalipopanda nikaacha injini. Redio sikuacha.

Kiti ni chake. Puseletso ni mrefu — chuo cha unesi alikuwa mlinzi wa goli, netiboli — na mimi ni mfupi. Siku ya harusi mjomba wake alisema wamempatia binti yao mahali pa kupumzishia kiwiko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana ni kweli, tukisimama foleni alikuwa anaegemea bega langu. Kiti cha gari alikirudisha nyuma mpaka mwisho. Nikikaa mimi, miguu haifiki kwenye pedali. Inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Sijakigusa. Kwa hiyo sijaliendesha gari hata siku moja, miezi kumi na mitano. Shule naenda kwa miguu. Hlotse si mji mkubwa, hata kwa Lesotho.

Baridi kali leo. Ugali wa papa wa jana, mboga za moroho za jana.


Jumanne, 9 Agosti

Nimefungua boneti. Hakuna betri! Nimeangalia kushoto, kulia, chini ya mifuniko. Mwalimu wa hesabu, miaka kumi na minane kazini, nimesimama natazama injini kama kondoo anatazama treni.

Jirani, Ntate Khauta, alichungulia juu ya ua, blanketi begani. "Mwalimu, wamekuibia betri!"

Nikamwambia boneti ilikuwa imefungwa.

"Basi wamekuibia kistaarabu."

Akaja. Tukatafuta kwenye buti: tairi la akiba na mwavuli. Mwishowe nikatoa kile kitabu cha gari. Betri iko chini ya kiti cha dereva. Khauta alicheka hadi akaketi kwenye tope. Anasema Wajerumani waliolitengeneza wameificha kama bibi anavyoficha pesa.

Mimi sikucheka. Kitabu kinasema lazima kiti kisogezwe mbele kabisa, kisha kifunguliwe. Na kiti hiki hakina wenzo, kinakwenda kwa umeme. Betri imekufa, kiti hakisogei. Kiti kisiposogea, betri haifikiki.

Nitasema ukweli. Nilipoyasoma yale maneno, kitu kilitulia kifuani. Nikafurahi!


Alhamisi, 11 Agosti

Puseletso amepiga. Mtandao ulikuwa mzuri, si kawaida. Alikuwa ametoka zamu, sauti nzito ya uchovu. Kuna kikongwe anamwita jina la binti yake, na kila asubuhi anamuuliza mvua itanyesha lini. Kule kunanyesha kila siku, anasema.

Mkataba umeongezwa. Miaka miwili tena.

Kisha: "Pheello, lile gari liuze. Linaoza bure pale uani."

Nikasema sawa.

"Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Sikumwambia limekufa. Sikumuuliza lile swali. Nililiweka ulimini, nikalimeza. Unarudi? Neno moja tu, si hata sentensi ndefu.


Ijumaa, 12 Agosti

Hakuna la kuandika. Nimekaa garini bila redio.


Jumapili, 14 Agosti

Kanisani wanawake wa umoja walinizunguka mlangoni. Mke wako anakuja lini? Karibuni. Krismasi? Labda. Mama mmoja akasema Uingereza watu wanasahau hata ladha ya papa. Mwingine akamkanyaga mguu — nilimwona.

Nimefika nyumbani, mtu yuko getini. Ntate Ramokoatsi, muuza vitanda wa Maputsoe. Mrefu, viatu vinang'aa, pete kubwa. Amekuja kuona gari.

Nikauliza amejuaje.

"Si mkeo aliniandikia? Wiki tatu sasa."

Wiki tatu! Mimi ameniambia Alhamisi.

Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akataka kulisikia. Nikamwambia betri. Akasema hana haraka, atarudi Jumamosi, mambo yakiwa tayari analichukua siku hiyo hiyo. Akafungua mlango wa dereva, akataka kukaa. Nikasema mlango huo una kasoro. Sijui ni nini kilinisemesha. Mlango hauna kasoro yoyote.

Akanitazama kidogo. "Sawa, Mwalimu."

Mti wa pichisi uani umeanza kutoa maua. Mapema mno, theluji itayakuta.


Jumatano, 17 Agosti

Leo ni leo. Nimemleta Mama Limpho.

Ndiye fundi pekee hapa anayeyajua magari haya. Aliendesha teksi za Maseru miaka kumi na miwili kabla ya kushika spana. Mnene, kofia ya sufu, mikono kama ya mwoka mikate. Akaweka goti chini, akachungulia chini ya kiti, akaguna.

"Nani aliyekaa hapa, twiga?"

"Mke wangu."

"Ahaa. Yule nesi." Akapapasa chini ya kiti. "Alimtoa mwanangu jino kwa hadithi tu. Mtoto hakujua limetoka."

Hadithi hiyo sikuwa naijua. Kumbe kuna watu humu mjini wanatembea na vipande vyake nisivyovijua!

Akaeleza mpango. Khauta alete pikapu, tutoe umeme kwenye betri yake kwa waya hadi kwenye ncha za umeme zilizo mbele chini ya boneti, umeme ukiingia kiti kitaamka, tukisogeze, tukifungue. Rahisi. Khauta akaleta pikapu, akafunga waya, akakanyaga mafuta. Dashibodi ikawaka. Mama Limpho akaingiza mkono, akabonyeza kitufe. Kiti kikaguna, kikaanza kwenda mbele.

"Simama!"

Nilipiga kelele. Kelele haswa — kuku walikimbia. Mama Limpho akatoa mkono kama ameunguzwa.

"Nimebana nini? Kidole?"

Nikasema hapana. Ngoja tu. Rudisha, tafadhali. Akarudisha, hatua ile ile, mpaka kikagota. Nikakimbia ndani kuchukua rula ya ubaoni, ile ya mita moja. Nikapima. Kutoka pedali ya breki hadi ukingo wa kiti: sentimita hamsini na nne. Kutoka usukani hadi mgongo wa kiti: sabini na moja. Kimo kutoka sakafuni: thelathini na tatu. Na kulala kwa mgongo wa kiti nikakupima kwa kipimapembe cha plastiki cha darasa la sita: nyuzi mia moja na kumi na mbili. Nikaandika kiganjani.

"Mwalimu," Khauta akaita kutoka kwenye pikapu, "unapima jeneza?"

Mama Limpho alikuwa ameanza kucheka. Kisha akaona uso wangu. Akamgeukia Khauta: "Wewe kanyaga mafuta, funga mdomo."

Kiti kilikwenda mbele kabisa. Nati nne. Mbili zilitoka vizuri, ya tatu ilikuwa na kutu, akaipaka mafuta, akaipiga, akaitukana kwa lugha ya stendi. Ya nne nilishika mimi tochi. Tukakilaza kiti nyuma. Chini yake kapeti, chini ya kapeti mfuniko, chini ya mfuniko — betri. Imevimba tumbo. Kubwa kama mfuko wa unga. Tuliinyanyua watu wawili, mimi mgongo ukalia.

Na pale juu ya kapeti, kiti kilipokuwa, kokwa za pichisi. Kumi na moja. Puseletso alikuwa anakula akiendesha, anadondosha, anasema ataokota. Mama Limpho akazikusanya kwenye kitambaa atupe. Nikanyoosha mkono. Akanipa.

Alipokuwa ananawa bombani, akauliza anayeuza gari ni nani, mimi au mke wangu.

Nikasema yeye.

"Na wewe unataka?"

Nikasema gari ni lake.

"Sikukuuliza gari la nani."

Betri mpya itatoka Ladybrand, ng'ambo ya mpaka. Ijumaa.

Sasa kiti kimelala kwenye gari kichwa chini, mlango wazi, nimekifunika kwa blanketi langu. Kitalowa umande. Nitalala na koti.


Alhamisi, 18 Agosti

Darasani leo nilifuta namba kwenye kiganja kwa bahati mbaya, chaki na jasho. Nilishtuka! Kisha nikakumbuka niliziandika humu. 54, 71, 33. Nyuzi mia moja na kumi na mbili.

Ujumbe wa Puseletso: "Ramokoatsi anasema gari lina betri mbovu. Kwa nini hukuniambia?"

Nikaandika nitaeleza. Nikafuta. Nikaandika ni kitu kidogo. Nikatuma hicho.


Ijumaa, 19 Agosti

Limewaka. Mara ya kwanza tu! Mama Limpho alipiga makofi, Khauta akapiga honi ya pikapu, mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Mimi nilisimama na rula.

Wao walienda kunywa chai, nikabaki. Nikabonyeza kitufe, kiti kikarudi nyuma, nikapima, nikabonyeza, nikapima. Kiti kimerudi pale pale. Lakini si chenyewe. Sijui kueleza. Kilikuwa mahali alipokiacha. Sasa kiko mahali nilipokiweka mimi. Sentimita ni zile zile. Nimekaa, miguu imening'inia, nikaona nimejidanganya kwa hesabu — mimi, mwalimu wa hesabu.

Mama Limpho akaja na kikombe chake, akaegemea mlango. Akasema betri haifi kwa kutumiwa, Mwalimu, inakufa kwa kukaa. Nikamwambia hii ilikufa kwa redio.

Akapuliza chai yake. "Ulikuwa unasikiliza nini?"

Habari. Matangazo ya vifo. Kwaya. Chochote.

"Mpigie," akasema. "Si ujumbe. Mpigie."

Nikamuuliza nimpigie nimwambie nini.

"Mimi nitajuaje? Mimi ni fundi wa magari." Akamaliza chai, akakusanya spana.


Jumamosi, 20 Agosti

Naandikia juu ya usukani. Injini inanguruma. Mwandiko unatetemeka, si mimi, ni gari. Au sote.

Asubuhi nilifua, nikapiga pasi shati, nikaosha gari. Theluji imeanguka usiku milimani, huku chini ni baridi tu na jua. Saa nne Ramokoatsi akatuma ujumbe: yuko njiani. Nikaingia, nikawasha. Nikampigia Puseletso.

Alipokea haraka. Nadhani aliogopa, sina desturi ya kupiga mchana.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa.

"Umeshauza?"

Bado. Yuko njiani.

Kisha akauliza: "Hiyo sauti ni nini?"

Nikamwambia ni gari.

"Si Ramokoatsi alisema betri —"

Ndipo nikamwambia. Yote, vibaya, bila mpangilio. Kwamba lilikufa kwa sababu yangu. Kwamba nakaa humu kila siku nikitoka shule. Kwamba sijaliendesha. Kwamba kiti sijakisogeza, kisha kimesogezwa, nikakipima kwa rula ya ubaoni. Nilisikia ninavyosikika na sikuweza kujizuia. Kokwa za pichisi nikamwambia ni kumi na moja.

Nilidhani atacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka.

"Miguu inafika?" akauliza. Sauti ndogo.

Haifiki.

"Kwa hiyo unakaa tu."

Nakaa tu.

Nikasikia upande wake kiti kikiburutwa, mlango ukifungwa. Sauti za watu wengine zikaisha. Nikamuuliza. Hatimaye nimeliuliza! Nikasema, Puseletso, unarudi? Likatoka kavu, kama ninamuuliza mtoto mara saba nane ni ngapi.

Hakujibu. Nikasema mambo ya kijinga kuziba kimya. Nikasema basi, nitalizima hili, mafuta yanaungua bure.

"Usilizime."

Hilo tu. Sasa ni dakika ya sita kwenye simu. Simu iko kwenye dashibodi, spika wazi. Hasemi. Nasikia anavyopumua, na nadhani yeye anasikia injini. Naandika kwa sababu mikono lazima ifanye kitu, la sivyo itashika simu na kuharibu.

Dakika ya tisa. Honi getini. Yeye pia kaisikia — "Ndiye?" Nikasema ndiye.

Ramokoatsi ameshuka. Amefungua geti mwenyewe. Kumbe hakuja peke yake, ana dereva wa kulipeleka. Anatabasamu, anaonyesha kidole masikioni: anasikia linavyonguruma vizuri. Anagonga kioo kwa ile pete.

Nimeinua mkono: subiri.

Anagonga tena. Kwenye simu Puseletso amevuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetaka kuanza kusema—