Yule Uliyemwandika Gazetini Ana Jina

Mwanangu Skola,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliisikia. Marahaba yake bado ninayo mimi.

Barua hii sikukutumia wewe. Nimeiandika kwa mkono, Mama Deo akaipiga picha kwa simu yake, tukaituma ofisini kwenu kwa ile namba iliyoko chini ya gazeti. Nataka uisome ikiwa imeshachapwa, mbele za watu, kama sisi tulivyoisoma yako.

Unakumbuka ulivyopata kazi hiyo? Nilizunguka Izia yote. Hata kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama nikasema mwanangu ni mwandishi wa gazeti la kila siku huko pwani. Watoto wa wenzangu wako Mbeya, wako Tunduma mpakani, wanauza, wanajenga, si haba. Lakini ni nani mwingine hapa jina lake linachapwa, watu wakatoa hela yao kulinunua? Mimi wa darasa la nne, nimezaa mwandishi! Niliringa, Skola, na sijutii kuringa.

Kila mwisho wa mwezi ulinifungia magazeti, yakaja na basi. Siku ya Jumamosi, jumuiya ikishamaliza sala, naketi katikati ya wanawake nawasomea. Nasoma bei ya samaki, meli iliyotia nanga, hata saa za maji kujaa na kupwa, na huku kwetu mlimani bahari hatujaiona. Siku moja nikasoma kwamba maji yatajaa saa kumi jioni, Mama Deo akaruka: "Jamani, tuanueni nguo mapema!" Tulicheka mpaka mtoto wa mgongoni akaamka.

Na jirani yetu Bibi Yustina huwa ananikalia ubavuni. Unajua hajui kusoma. Kila ukurasa ananiuliza, "Liko wapi jina lake?" Nikilipata namshika kidole nakiweka juu yake. Hapo huinama kidogo, anakunja viganja, anapiga makofi yale ya kwetu ya kushukuru, kana kwamba gazeti ni mtu mzima amempa kitu. Halafu anasema, "Kamekua, katoto kangu."

Sasa ile Jumamosi. Habari yako ilikuwa kubwa, nusu ukurasa. Sikuisoma kwanza pembeni. Huwa sisomi kwanza, kwa majivuno yangu tu, nataka wenzangu wanione nafungua na kusoma papo hapo. Nikaanza na kichwa cha habari: nilivyolelewa na kikongwe anayetuma radi. Nikadhani ni hadithi ya huko kwenu. Usomaji wangu unaujua, nakwenda neno kwa neno na kidole, sauti inatangulia, maana inafuata nyuma. Nikasoma kibanda chenye mparachichi mlangoni. Nikasoma macho mekundu. Nikasoma jinsi mvua ikinguruma alivyokifunika kioo kwa kanga na kunong'ona. Nikasoma kwamba kabla ya kupokea kitu chochote anainama na kupiga makofi mara tatu, "kuwaita anaowajua yeye". Maana iliponifikia, sauti yangu ilikuwa imeshasema yote. Wanawake wote wanamtazama Bibi Yustina.

Nikaondoa kidole kwenye karatasi. Unajua alisema nini? Alisema, "Maliza, Mama Skola. Usimkatishe mtoto."

Nilimaliza, Skola. Mungu anisamehe, nilisoma mpaka nukta ya mwisho.

Nilipokupigia ulinijibu, "Mama, mbona sikutaja jina?" Ukasema kichwa cha habari aliweka mhariri. Ukasema wasomaji wa huko wanapenda mambo ya Sumbawanga. Wanayapenda! Na huko kwao hakuna majini? Mbona magazeti yote uliyonitumia sijasoma habari ya jini hata mmoja? Ya kwao mmeyafunika, ya kwetu mnayaanika. Sisi tukipanda basi kwenda mbali, mtu akiuliza tumetoka wapi, tukisema Sumbawanga anasogeza miguu na kucheka. Wewe mwenyewe ulilia kwa hilo ulipofika chuo. Ulinipigia simu ukaniambia, "Mama, wananiita mchawi." Nikakwambia soma, uandike, utawajibu. Hivyo ndivyo ulivyowajibu?

Jina hukutaja, sawa. Huyo mwenye mparachichi mlangoni na macho mekundu aliyekulea wewe, yuko mwingine? Wiki haikuisha, ukurasa wako ulishapigwa picha, umezagaa kwenye makundi ya simu mpaka Laela.

Ngoja nikukumbushe ulichokiacha nje. Hayo macho ni moshi. Mimi nikienda kulima Mpui, nakaa wiki mbili, nakuacha kwake, na kila alfajiri anapuliza kuni mbichi akuchemshie uji wa ulezi kwa sababu chai peke yake ulikuwa unaitapika. Alikupulizia moto jikoni miaka sita, mwanangu. Kioo? Nani katika nchi hii hafuniki kioo radi ikipiga? Mimi mwenyewe nafunika! Na kule kunong'ona ilikuwa Salamu Maria. Anaisema kwa Kifipa, wewe kichwa ukiwa ndani ya kanga yake, unatetemeka, umemkumbatia kiunoni. Nilikukuta hivyo kwa macho yangu nikitoka shamba.

Na makofi, Skola! Wewe Mfipa unawaandikia watu kwamba makofi ni ya kuita mashetani? Ulipofaulu darasa la saba ulinipigia makofi hayo hayo, umepiga goti, nikakupa ile sweta ya bluu. Ulikuwa unamwita nani?

Sasa nikwambie yaliyopo, maana wewe uko mbali. Zamu ya jumuiya kusali kwa Bibi ilipofika tulikwenda watu wawili, mimi na Mama Deo. Viti alikuwa amevipanga vyote. Mwanawe wa Laela ametuma neno kwamba likizo hii wajukuu hawatakuja. Asubuhi moja tumekuta mlango wake umechorwa alama kwa mkaa, na aliyechora hatumjui. Unajua kwetu huku kikongwe mwenye macho mekundu akianza kutajwatajwa mwisho wake huwa nini. Siuandiki. Wewe ndiye mwandishi, jaza mwenyewe.

Yeye hajakusema vibaya hata mara moja. Lakini nikimpa kikombe cha chai, siku hizi anakipokea kimya. Viganja havikutani. Nilimwambia, "Mama, piga makofi yako, nani atakukataza?" Akasema, "Mtoto aliyesoma ameona ni kitu kibaya." Nilitoka nje nikakaa kwenye kuni, na mimi silii ovyo.

Hasira yangu nyingine ni ya kwangu mwenyewe niliyeisoma kwa sauti, nitaibeba. Ila ya kwako ibebe wewe. Nataka uandike upya, ukurasa uleule, ukubwa uleule. Usiniletee vile vimstari vya kuomba radhi vinavyokaa chini ya tangazo la mtu aliyepoteza cheti. Andika jina lake lote, Yustina, andika moshi, andika uji, andika Salamu Maria. Waeleze hao wasomaji wako makofi ya Wafipa ni nini. Wakiona haina utamu, basi. Hawakulelewa naye wao. Nitaisoma tena Jumamosi mbele ya wanawake walewale, na nitamtuma Mama Deo aisambaze kule kote ilikokwenda ile ya kwanza.

Kisha upande basi uje. Bado wewe ni mwandishi wangu, na katika Izia hii sijaona mwenye kichwa kama chako, ndiyo maana nimekasirika hivi. Mjinga nisingemwandikia.

Bibi Yustina nimemtoa kwake tangu ulipochorwa mlango. Anayemtaka atanikuta mimi mlangoni, na mchi wangu. Nimempa chumba chako na kitanda chako, na ile picha yako ya mahafali ameniomba niiache hapo ukutani. Wewe ukija utalala chini, kwenye mkeka, miguuni pake.

Mama yako mzazi,
Izia, Sumbawanga.