Chozi wa Koridoni na Fundi Rangi

Ghorofa ya Pili, Chumba Na. 6,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
28 Februari, saa nne kasoro robo asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo wewe na wote hapo nyumbani? Goti je, limekubali ngazi au bado linakununia? Sisi tu wazima. Mama hana neno, ila ananiambia niketi, maana nimeinuka mara saba tangu niandike "Mpendwa".

Kamera uliyonitumia haijalala. Wale chozi wawili, ndege wadogo waliojenga kwenye waya wa taa iliyokufa hapa koridoni, walitaga mayai mawili tarehe 3. Vifaranga wakatoka tarehe 17. Nina picha ya kila siku, saa moja na nusu asubuhi, kutoka kidato kilekile cha ngazi, kama ulivyoagiza: toka yai hadi siku ya kuruka. Zimebaki siku tano au sita, na leo sijui kama atakuwepo wa kuruka.

Kosa ni langu. Mwenye nyumba ameleta fundi rangi wiki hii. Jana jioni nikabandika karatasi ukutani, chini ya kiota: "FUNDI, KUNA CHOZI HAPA. TAFADHALI ANGALIA SANA." Leo nimepiga picha yangu, nikaenda kununua betri, moyo mweupe kabisa.

Kumbe kwa mafundi rangi, rangi ikichuruzika ikakaukia ukutani, hiyo ndiyo chozi. Bwana yule alisoma akaona anasemwa. Akalitafuta chozi lake ukuta mzima, asilione, akaamua kuupiga msasa wote na kuupaka upya. Kiota kikamzuia. Akakifungua kwa adabu zote, akakitundika kwenye nondo ya dirisha la jikoni, hatua sita kutoka pale.

"Dada, miaka kumi na minane napaka rangi, sijawahi kuandikiwa barua na ukuta," alisema nilipomfokea. "Ungeandika ndege, ningejua ndege!"

Mama akadakia, "Huyu tangu asome hawezi kusema ndege tu. Lazima amtaje na ukoo."

Tumekirudisha. Fundi alipanda, mimi nikashika ngazi, Mama akashika kiuno akitoa amri. Saa tatu na dakika ishirini jike alikuja. Akasimama hewani mbele ya ukuta ule unaonuka rangi, akageuka, akaenda zake. Daftari langu linaonyesha kwamba kwa kawaida huja kila baada ya dakika kumi hivi.

Saa nne na dakika tano. Bado. Nimeosha vikombe visivyokuwa vichafu. Fundi amekalia debe lake. Nimemwambia aendelee na upande wa pili, amekataa, anasema harufu itazidi.

"Na baba yao yuko wapi?" ameuliza Mama. "Wanaume bwana! Mambo yakichacha, huwaoni." Fundi ameangalia viatu vyake.

Saa nne na robo. Dume amepita, ametua kwenye kamba ya nguo, ameondoka. Mjomba, wewe umengojea ndege wengi kuliko mimi: wakishtuka hivi, huwa wanarudi? Najua jibu litanifikia mambo yamekwisha, lakini nauliza, maana humu ndani hakuna wa kumuuliza.

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama. Jike amekuja! Hakuna aliyemwona akija. Nilikuwa nimeelekeza kamera kwenye mlango wa kiota, na mle gizani midomo miwili ikafunguka ghafla. Nikabonyeza. Vifaranga wamemsikia kabla yetu. Ameingiza kichwa, ametoka, na baada ya dakika nne amerudi na buibui.

Fundi ameomba kuiona picha. "Mbona mama yao hayumo?"

"Yuko njiani," nimemjibu.

Picha hiyo nakutumia pamoja na barua hii. Tumekubaliana na fundi kwamba ukuta huo ubaki na mkono mmoja wa rangi, asiupake mara ya pili mpaka tarehe 6. Mwenye nyumba hajaambiwa. Kwa hiyo sijaketi bado.

Msalimie sana Bibi, na wale mapacha watundu. Mama anakusalimu, anasema kula vizuri. Mungu awalinde nyote, awape na utulivu ambao mimi leo sina.

Wako akupendaye,
mpwa wako,
Bi Daftari.